Meno Hayatoshi: Tairi Linavyoshika Lami Wakati wa Mvua

Nilikuwa nateremka kutoka Kimara kuja Ubungo. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa na dakika kumi hivi tangu ianze, manyunyu tu, yale ambayo dereva hata waipa anawasha kwa uvivu. Mwendo wangu haukuzidi 40. Daladala iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kushusha abiria pasipo kituo, nami nikakanyaga breki. Mguu ukahisi ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikikwaruza chini ya pedeli, krrr, krrr, na gari likaendelea na safari yake kana kwamba sijagusa kitu. Lilipokuja kusimama, kati ya bampa yangu na ile daladala usingepitisha mtoto.

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kwamba matairi yalikuwa na meno. Gari lilikuwa limetoka Japani miezi michache nyuma, likaja na matairi yale yale, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa hizo ni tairi za Japani, nitaendesha mpaka nichoke. Kina cha mifereji kilikuwa cha kumfanya fundi yeyote aseme "hizi bado kabisa, bosi." Asubuhi nikapiga magoti na tochi ya simu, nikasoma ubavu wa tairi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikakuta neno STUDLESS, na pembeni kidogo tarakimu nne: 4111. Majibu yangu yote yalikuwa hapo, ila sikujua kuyasoma.

Tuanze na meno yenyewe, maana ndiyo yanayotupoteza. Wengi tunaamini meno ndiyo yanayoshika barabara, kama kucha za paka kwenye gome la mti. Kwenye lami kavu sivyo. Magari ya Formula 1 hukimbia lami ikiwa kavu na matairi laini kabisa, hayana mfereji hata mmoja, na hakuna gari la mtaani linaloyafikia kwa kushika. Mpira mtupu unashika lami kavu vizuri sana. Meno, au kwa usahihi zaidi mifereji iliyo kati ya jino na jino, ipo kwa ajili ya maji.

Piga hesabu uone ukubwa wa kazi yenyewe. Chukua tairi la upana wa milimita 185, saizi ya Toyota IST nyingi za Dar. Weka maji ya kina cha milimita 3 barabarani. Ukienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu linasonga mita 22 kila sekunde, na tairi hilo moja la mbele linatakiwa kusukuma pembeni kama lita 12 za maji kila sekunde. Ndoo ya lita 20 ingejaa kabla sekunde mbili hazijaisha. Na sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana kiganja cha mkono. Kila kipande cha mpira kinagusa lami kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo maji yawe yameshapata pa kupitia. Yasipopata, yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari, yanainyanyua, na gari linaelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, kama vile umekatwa. Aliyewahi kuhisi hivyo hasahau.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ndiyo isiyozungumzwa dukani, nayo ndiyo iliyokaribia kunigongesha. Hata mifereji ikishafukuza maji, juu ya lami hubaki utando mwembamba wa unyevu. Utando huo hauna nguvu ya kuinua gari, lakini unatosha kuufanya mpira uteleze. Sasa kinachookoa ni mpira wenyewe. Lami ukiikagua kwa karibu ni kokoto ndogo zenye ncha zilizojitokeza. Mpira mzuri unajibonyeza juu ya kila ncha, unaizunguka, unapenya ule utando, na unapojikunjua unakula nguvu ya mwendo wa gari. Mpira uliokauka unapita juu ya hizo ncha kama soli ya plastiki kwenye sakafu ya bafu. Hapo uwe na meno ya milimita 8, hayana msaada.

Kwa hiyo tairi la mvua linahukumiwa mara mbili, kwa mifereji na kwa mpira, na jicho letu linaona mifereji tu.

Kwa miaka mingi watengenezaji walikuwa wamebanwa hapo. Mpira ulioshika vizuri kwenye maji ulikula mafuta na kuisha haraka, na ule uliodumu ukateleza. Kufuli lilifunguka mwaka 1992, Michelin ilipoingiza sokoni matairi ambayo sehemu ya masizi, yale yanayoupa mpira weusi na uimara wake, ilibadilishwa na silika, jamaa wa mchanga na kioo. Tairi likawa jepesi kuviringika na bado likashika lami iliyolowa. Leo matairi ya magari madogo yenye sifa nzuri kwenye mvua karibu yote yana silika. Ukiona neno "silica" kwenye maelezo ya tairi, ni dalili njema, ingawa kiasi na ubora wake hutofautiana, na dalili njema si hati ya dhamana.

Nirudi kwenye ubavu wa tairi langu. Zile tarakimu nne ni tarehe ya kuzaliwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 4111 ni wiki ya 41 ya mwaka 2011. Nilikuwa nimeketi juu ya mpira wa zaidi ya miaka kumi. Mpira unazeeka hata ukilala stoo, na jua, joto na hewa vinauharakisha. Gari linaloegeshwa kutwa kwenye jua la Dar, upande uleule, linakaangwa polepole. Watengenezaji wengi wa magari wanataka tairi lianze kukaguliwa kwa makini au libadilishwe likifika miaka 6, na miaka 10 ndiyo mwisho hata kama linaonekana jipya. Kwa hiyo tairi lenye meno mengi na umri mkubwa lisikufurahishe. Huenda meno hayakuisha kwa sababu gari halikuendeshwa, nao mpira ukakauka kimyakimya.

Lile neno STUDLESS ni hadithi nyingine, na linawahusu wengi wetu kuliko tunavyodhani. Japani kuna theluji, hasa kaskazini huko Hokkaido na pwani ya magharibi, na watu hubadilisha matairi msimu wa baridi ukiingia. Studless ni tairi la barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na meno yake yamejaa vimkato vyembamba mithili ya nyembe, vya kunyonya utando wa maji juu ya barafu. Ukilileta kwenye lami ya nyuzi 35, yale meno yaliyokatwakatwa yanajipindapinda, na kwenye mvua breki inakwenda mbali kuliko tairi la kawaida. Langu lilikuwa limeunganisha mabaya yote mawili, aina isiyofaa na uzee. Kama gari lako limetoka Japani na matairi yake, nenda kalisome leo. Wakati mwingine mbele ni ya kawaida, nyuma ni studless.

Tukio langu lilikuwa na mchango wa tatu, mvua yenyewe. Kwenye kiangazi chote lami inakusanya vumbi, oili inayodondoka na unga wa mpira. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuviosha, yanavikoroga tu vikawa uji wa kuteleza. Mvua ikinyesha sana kwa nusu saa barabara inakuwa safi kuliko ilivyokuwa dakika ya tano. Ndiyo maana siku ya kwanza ya vuli ina vibampa vingi vilivyobonyea kuliko katikati ya masika, na tairi gani utanunua halibadilishi hilo, linapunguza tu.

Sasa, dukani. Muuzaji atakwambia "hii inashika balaa." Muulize karatasi. Matairi mengi mapya, hata ya China na Thailand, huja na stika ya Umoja wa Ulaya iliyobandikwa juu ya meno, kwa kuwa kiwanda kinachouza huko lazima kiiweke. Ina picha ya kituo cha mafuta, picha ya gurudumu chini ya wingu la mvua, na alama ya kelele. Wewe unatafuta lile wingu. Tangu Mei 2021 madaraja yake ni matano, A hadi E. Kwenye stika za zamani, zilizoanza 2012, yalishuka hadi chini ya hapo. Tofauti kati ya juu na chini haiko kwenye karatasi tu: kwa maelezo ya Ulaya yenyewe, gari la kawaida likifunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa, tairi la A linaweza kusimama hadi mita 18 kabla ya lile lililokuwa likiitwa F. Mita 18 ni magari manne yamepangana. Mimi nisingenunua chini ya C kwa gari linalobeba watoto, na B ikipatikana kwa bei ya kuvumilika ningeichukua nikaacha urembo wa rimu.

Kama stika imebanduliwa, jina la tairi na saizi yake vinaweza kutafutwa kwenye hifadhidata ya Ulaya iitwayo EPREL, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Matairi ya Japani yana mfumo wao tangu 2010: herufi kubwa, AAA kushuka, ni za kuokoa mafuta, herufi ndogo, a hadi d, ni za kushika maji. Usizichanganye, maana muuzaji atakuonyesha AAA kwa fahari kumbe upande wa maji ni d. Na ukikuta ubavuni neno TRACTION likifuatwa na AA, A, B au C, hiyo ni ya Marekani, nayo hupimwa kwa breki kwenye lami na zege iliyoloweshwa. Jirani yake ni TREADWEAR yenye namba kama 300 au 560, inayokadiria tairi litadumu kiasi gani. Namba kubwa sana nami huwa inanitia shaka kidogo: tairi linalogoma kuisha mara nyingi ni gumu, ingawa siku hizi zipo zinazokwenda kinyume na kanuni hiyo.

Kuna jambo ambalo madaraja haya yote hayasemi. Hupimwa kwa tairi jipya, kwenye maji kidogo, kwa kufunga breki likienda moja kwa moja. Yaani hupima ile kazi ya pili, mpira. Hayakwambii tairi litafanya nini kwenye maji mengi yaliyotuama, wala kwenye kona, wala likishatembea kilomita 40,000. Upande huo lazima utumie macho: mifereji mikubwa inayozunguka tairi, mitatu au minne, iliyonyooka na mipana, na mingine inayotoka katikati kwenda begani ili maji yapate mlango. Tairi lenye urembo mwingi wa michoro lakini halina mfereji mpana hata mmoja linapendeza kwenye picha.

Hapa naingia kwenye ubishi wa kijiweni. Kuna wanaoamini kwamba mvua ikija, dawa ni matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa kama ya trekta. Inategemea mvua yako iko wapi. Mwenye kupanda Lushoto vijijini au anayekwenda shamba kwa barabara ya udongo anahitaji kashata, kwa sababu kwenye tope jino lazima lizame lichimbe, na nafasi kubwa zijisafishe. Lakini kwenye lami iliyolowa meno makubwa yana mpira mchache unaogusa barabara, na mara nyingi mpira wenyewe ni mgumu ili usichanwe na mawe. Kwenye mteremko wa Kitonga au Mai Mahiu asubuhi ya mvua, ningechagua tairi la kawaida la daraja la B nikamwachia kashata zake mwenye kuzitaka. Herufi M+S nazo, zinazomaanisha tope na theluji, hazikuahidi chochote kuhusu lami yenye maji.

Upana nao una udanganyifu wake. Tairi pana linaonekana limekaa barabarani, na kwenye ukavu lina faida. Kwenye maji lina mzigo mkubwa zaidi wa kusukuma, kwa hiyo linaelea mapema. Kaa na saizi iliyoandikwa kwenye stika ya gari.

Stika hiyohiyo, kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ndiyo yenye kipimo cha upepo, na huu upepo ungestahili makala yake. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zenye maji, walionyesha kuwa mwendo ambao tairi huanza kuelea unafuata upepo uliomo. Kwa tairi ambalo mifereji yake imezidiwa na maji, au halina mifereji, upepo wa 33 psi unakupa kama kilomita 95 kwa saa. Upepo ukishuka hadi 20, unaanza kuelea kama kwenye 75. Magari si ndege, na tairi pana linaweza kuelea kabla ya hapo, lakini mwelekeo ni huohuo. Sasa kumbuka ushauri unaotolewa kila masika: "punguza upepo kidogo, gari lishike." Huo ni ushauri wa mchanga na tope. Kwenye lami yenye maji unajichimbia. Stika za magari ya Japani huandika kPa; 220 ni karibu sawa na 32 psi. Pima asubuhi kabla hujaendesha, na ukiweza nunua geji yako, maana geji za mtaani zimeshaanguka mara nyingi mno.

Kuhusu mitumba nitasema kwa kifupi. Nafahamu kwa nini tunanunua; jina kubwa kwa nusu ya bei linavutia. Ila kwenye mtumba unanunua mabaki ya kazi ya kwanza na uzee wa kazi ya pili. Mimi ningechukua tairi jipya la jina dogo lenye stika ya C na tarehe ya mwaka huu kuliko jina kubwa la miaka saba. Matairi ya kuchongwa, yaani kipara kilichochimbwa mifereji upya kwa kisu cha moto, yasiingie kwenye gari dogo kabisa. Yapo matairi ya malori yaliyoongezewa mpira kwa ajili hiyo na yana neno REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halina mpira huo, ukichonga unakaribia nyuzi za ndani.

Na hata tairi zuri hushuka daraja kadiri linavyokwisha. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo; meno yakilingana navyo yamebaki milimita 1.6, kiwango ambacho Ulaya ni kosa kushuka chini yake. Kwa mvua hicho ni kikomo cha mbali mno. Likifika milimita 3 anza kutafuta hela. Kupima hakuhitaji kifaa: simamisha kijiti cha kiberiti ndani ya mfereji, kibane kwa ukucha usawa wa uso wa tairi, kisha kiweke kwenye rula ya mtoto wa shule. Pima ndani, katikati na nje, maana gari lililokosa alaimenti linakula upande mmoja tu na kukuficha.

Likishanunuliwa, simama fundi anapolifunga. Matairi yenye michoro ya mshale yameandikwa ROTATION, na mshale uelekee gari linakokwenda mbele. Likifungwa kinyume, mifereji inakusanya maji katikati badala ya kuyatupa nje. Mengine yameandikwa OUTSIDE, na neno hilo lisomeke ukiwa umesimama nje ya gari.

Mimi siku ile nilikuwa na hela ya mawili tu. Fundi akapiga jeki mbele bila kuuliza, kwa sababu ndiko kwenye usukani na ndiko injini inakosukuma. Nikamwambia yaende nyuma, na yale mawili ya kawaida niliyoyapata kwa jirani, yaliyobaki na milimita 5, yakae mbele. Akacheka. Nikamweleza kwamba mbele ikianza kuteleza dereva anaisikia mkononi, anaachia mafuta, gari linanyooka. Nyuma ikiteleza, mkia unakuja mbele na usukani hauna la kufanya. "Nimefunga tairi miaka ishirini, bosi," akasema, "hakuna aliyewahi kuniambia hivyo." Akanung'unika kidogo, akashusha jeki, akaiviringisha kwenda nyuma.